Karatasi ya Batiza ku Kisiwa

Bantu banafikiri kazi ya shofere ni kutembea. "Weye muzee uliona inchi," banasema, "ulipeleka bazungu fasi yote, utuambie basi." Wapi! Shofere anaona barabara, anaona vumbi, anaona shingo ya Monsieur mu kioo, ni ile tu. Magaribi anasikia mugongo yake, juu inamuuma. Lakini kuko safari moja ya ziwa Moero yenye siwezi kusahabu, hata nikitaka, na nilitaka sana. Nitaisema. Majina sitataja hata moja, juu benyewe bako na bajukuu mu cité, mutaa yetu ya bantu beusi.

Wakati ile nilikuwa naendesha motokari ya garaji moja ya Élisabethville. Patron alikuwa anapangisha motokari pamoja na shofere kwa bazungu benye kutoka Ulaya, benye kutaka kuona inchi bila kuchafuka. Nilikuwa na myaka makumi tatu na saba, na nilikuwa muntu ya kuchoka. Sisemi kuchoka ya siku moja, ile unalala na inaisha. Bibi yangu alikufa myaka ine mbele. Toka siku ile, kila magaribi nawasha moto miye mwenyewe, napika bukari, ule ugali yetu, miye mwenyewe, nakula nikiangalia ukuta. Bajirani balisema bukari yangu iko ngumu sawa tofali, na balikuwa na haki.

Kisha nikamupata muchumba. Baba yake alikuwa mufanyakazi ya mugodi, na yeye alikuwa anashona ku masista. Alikuwa na myaka kama kumi na tisa hivi. Siku ya kwanza nilipita pale na sura yangu ya kila siku, akaniambia mbele ya benzake bote: "Muzee, cheka kidogo, meno haitaanguka." Nikacheka. Nilishangaa miye mwenyewe kusikia ile sauti. Nikarudia kesho yake, nikarudia tena, mpaka baba yake akaniita na kuniuliza kama ninatafuta nguo ao ninatafuta muke. Nikasema muke. Alikubali, bantu ya kwao balikubali, mambo yote yalikuwa sawa.

Kumbe kulikosa karatasi. Mupe ya parokia, ule padri mwenye ndevu, alitaka barua ya batiza ya muchumba. Hakukuwa nayo. Mama yake alimubatizisha ku kisiwa ya ziwa Moero, ku misioni ya zamani, wakati baba yake alikuwa amekwisha kuandikwa kazi ya mugodi na kuenda. Mwaka ile ile mama alianza njia ya kumufuata bwana yake, akakufa mu njia, na sanduku yake yenye karatasi yote ikapotea. Mutoto alifika Élisabethville mu mugongo ya muntu mwingine. Mupe aliandika barua ku kisiwa mara mbili. Hakuna jibu. Akasema: "Hakuna karatasi, hakuna ndoa."

Na baba ya muchumba, mukataba yake ilikuwa inaisha. Aliniambia bila kuzunguka: "Bwana mukwe, miye narudia kwetu kaskazini kisha Pasaka. Mutoto mwanamuke siwezi kumuacha mu cité bila ndoa. Kama karatasi haifike, anapanda treni na miye." Pasaka ilikuwa juma tano mbele yetu. Kila asubuhi nilihesabu siku mbele ya kunawa uso.

Sasa, kuko jambo moja yenye ilitufurahisha shiye babili. Ile misioni ya kisiwa, miye niliijua. Mbele ya kuya ku muji nilikuwa munitere kule, nafundisha batoto ya kilasi ya kwanza kusoma, myaka mbili. Muchumba alinitania: "Labda ulinisikia nalia mu kanisa, ukasema ule mutoto anyamazishwe." Nikasema labda. Niliwaza tu kama njia yetu ilianza fasi moja, na kama ni Mungu alipanga. Ee, bantu tunapenda kumutia Mungu mu mipango yetu.

Njo patron akaniita. Kulikuya Monsieur na Madame, bibi na bwana, banataka kuona ziwa. Programu: siku mbili barabarani, na ku ziwa nusu siku tu, juu Madame hawezi na jua. Miji mbili ya zamani pa pwani ya ziwa, na kanisa ya kisiwa, kisha kurudia mbele ya chakula ya muchana. "Unajua fasi?" patron akauliza. Kujua! Ilibaki kidogo nimukumbatie.

Ile barabara sitaisema. Vumbi ilikuwa nyekundu, gurudumu ilitoboka mara mbili, Madame alitapika mara moja, na Monsieur alikuwa anasoma kitabu ya safari kwa sauti kubwa, ananiambia mambo ya inchi yangu. Tulifika ku ziwa siku ya pili, jua inaingia, na nikalala mu motokari na magoti pa kidevu.

Asubuhi, saa kumi na mbili, tulipanda masua ya moteri ya Mugreki mumoja muchuuzi ya samaki. Ilikuwa inanuka samaki mpaka mu misumari. Madame alitia kitambaa pa pua na hakuitosha tena.

Muji ya kwanza ilikuwa ya boma. Kuta za matofali zilianguka nusu, mbuzi zililala ndani, na kulikuwa muzinga moja ya kutu yenye kuangalia maji. Madame alitaka kujua nani aliijenga, mwaka gani, na bantu wangapi balikufa pale. Miye najua wapi? Nilikuwa nasikia tu saa inapita. Nikamwambia bongo, uongo mutupu. Nikasema sultani mumoja alimupiga vita ndugu yake juu ya bibi. Alifurahi, akaandika yote mu kikaratasi. Monsieur alisema mu kitabu yake haiko vile. Nikasema kitabu iko na haki, na sultani pia iko na haki, na tuende.

Muji ya pili ilikuwa ya Bangwana, bajukuu ya bale benye kutoka pwani ya mbali na misafara. Nyumba zao ziko nyeupe, na barabara ni moja, safi kuliko ya cité. Monsieur aliona mulango moja ya zamani ya mbao, akataka foto, na mwenye nyumba asimame karibu. Ule muzee alikubali kwa heshima yote. Lakini si vile alikuwa amevaa. Akaingia ndani kutia kanzu. Tukangoja. Akatoka na kanzu, akaona hana kofia, akarudia. Tukangoja. Akatoka na kofia, akasema bazungu hawawezi kuenda bila kahawa. Bakaleta viti. Bakaleta jirani. Nilikuwa nasimama pale na tabasamu ya kazi, na ndani roho inaniunguza sawa mafuta ya moto. Kahawa ilikuwa nzuri sana, na niliichukia.

Kisha Monsieur akaangalia saa yake. "Kanisa, dakika makumi mbili," akasema. "Madame ni mwenye kuchoka."

Madame ni mwenye kuchoka! Mama yangu.

Kisiwa ilikuwa vile niliiacha. Kanisa ya matofali nyekundu pa juu ya kilima, mabati imepata kutu, kengele inje pa miti mbili. Nilibaonyesha bazungu makaburi ya bamupe ya kwanza, nikabaambia basome majina polepole, ni heshima ya fasi. Kisha nikakimbia ku biro.

Mupe mukubwa alikuwa pale, ule ule. Hakuniona. Macho yake iliingia ukungu. Nikasema "Jambo, mupe," na akanyanyua kichwa: "Ile sauti ni ya munitere wangu mwenye kupiga kelele." Nilitaka kulia. Nikamuambia upesi upesi: nataka kuoa, muchumba alibatizwa hapa, barua mbili hazikujibiwa. Akasema barua alizipokea, hakuna wa kumusomea tangu katekista mukubwa alikufa. Akanionyesha kabati. "Kitabu iko pale. Weye unajua kuandika. Tafuta mwenyewe, jaza karatasi, nitatia mukono na kashe, muhuri ya misioni."

Nilimupata, hakukuwa kazi. Jina yake, jina ya baba, jina ya mama, siku. Fasi ya parrain, baba ya batiza, ilikuwa imeandikwa *idem*, ni kusema sawa na musitari ya juu. Kwa ule mwenye kubatizwa mbele yake, *idem*. Nikapandisha kidole. *Idem, idem, idem*. Mpaka musitari ya kwanza ya siku ile, kwenye jina iliandikwa nzima. Ilikuwa jina yangu.

Njo nikakumbuka. Siku ile ilikuwa upepo mukali, na ziwa ilikuwa nyeupe na mawimbi. Mama na batoto balifika magaribi ya jana yake, lakini asubuhi, ba-parrain benye kutoka ngambo balishindwa kuvuka na mato yao, ile mitumbwi. Mupe hakutaka kurudisha batoto bila batiza. Mwezi ule batoto balikuwa bakikufa sana. Akaangalia kanisa, akaniona. "Munitere, simama." Nikasimama kwa wa kwanza. Kisha wa pili. Nilisimama kwa batoto kenda siku moja, namwitikia Mupe kila mara "Nasadiki, nasadiki," na kichwa iko ku chakula. Upepo ikaisha, mama bakaenda na batoto yao, na miye nikasahabu. Myaka yote ile nilikuwa baba ya batoto kenda na sikujua hata sura ya mumoja.

Katekisimu iko wazi, na miye mwenyewe niliifundisha: parrain ni baba mbele ya Mungu, na baba haoi mutoto yake. Najua, kuko ruhusa. Mupe anaandika kwa Askofu, Askofu anaangalia, barua inarudia. Ni miezi, na miye nilikuwa na juma tatu. Na hata Askofu akikubali, bantu ya kwao batakubali? Kwetu mu cité, baba ya batiza haiko baba ya karatasi. Mutoto akigonjwa anaitwa. Mutoto akiolewa, bila yeye hakuna kuanza. Kusema kama huyu huyu njo bwana? Bangetema mate chini.

Inje, Monsieur alianza kupiga makofi. Dakika makumi mbili ziliisha.

"Ulimupata?" Mupe akauliza.

"Nilimupata, mupe."

"Andika basi."

Nikaandika. Jina, siku, baba, mama. Pa fasi ya parrain kalamu ilisimama. Nilisikia uchovu ya ile myaka ine yote inanikalia pa mabega: moto ya kuwasha peke yangu, bukari ya tofali, ukuta. Nikawaza ule katekista mukubwa mwenye kukufa. Muntu muzuri. Kaburi yake iko pale inje, na hakuna muntu atamuita ku ndoa yetu kumuuliza kitu. Nikaandika jina yake. Niliandika polepole, herufi kwa herufi, na ile inanisumbua mpaka leo.

Mupe akatia mukono yake fasi nilimuonyesha. Akatia kashe. "Uko na mwandiko muzuri siku zote," akasema. "Mungu akupe amani mu nyumba yako." Nikatoka nakimbia na sikumuaga vizuri.

Mu masua Madame aliniuliza kama nililia. Nikasema ni upepo.

Nilifika Élisabethville siku ya Posho, ile Jumamosi, na vumbi mpaka mu meno. Sikuenda kwangu kunawa, nilienda kwao moja kwa moja. Muchumba alichukua karatasi na mikono mbili. Aliisoma polepole, musitari kwa musitari. Pa jina ya mama yake aligusa na kidole. Kisha akafika pa parrain, na sura yake ikafunguka sawa muntu mwenye kuona mugeni anaingia.

"Niko naye!" akasema. "Niko na baba ya batiza! Mama alikufa na jina yake, na miye nilikuwa nasema labda sikupata. Papa, uangalie!" Baba yake akaangalia. Akasema, na alisema vizuri: "Basi tunapashwa kumuita. Hawezi kuolewa bila yeye. Bwana mukwe, weye ulifanya kazi kule. Unamujua?"

Ile swali sikuitayarisha. Siku mbili mu barabara nilitayarisha mambo yote, ile hapana. Myaka yote nilijua hii desturi, na nilijisemea kama mufu haitwi. Sikuwaza kama batauliza habari yake.

"Namujua," nikasema. "Lakini alikufa."

Karatasi ilishuka mu mikono ya muchumba. Aliikala chini tu, pale pale pa mulango. Banamuke ya bajirani balikuya kuuliza, bakaambiwa, na mumoja akaanza kulia kilio ya kweli, na bengine bakafuata. Magaribi bakamunyoa nywele. Miye niko nasimama pale na kofia mu mukono, nataka kusema acheni, acheni.

Kesho yake kisha Misa baba yake akaniita pembeni. "Unaona mwenyewe. Hatuwezi kupiga ngoma ya ndoa juu ya kilio ya baba yake. Tunaenda naye kaskazini. Kule batatosha kilio, batakimaliza vizuri, siku makumi ine. Kisha utatufuata, ao tutaona." Ao tutaona! Nilijua ile maana yake. Kaskazini kuko bijana bengi, na barua inapotea. Niliandika bongo kusudi asipande treni, na ile bongo njo ilimukatia tikiti.

Ningeweza kunyamaza. Labda ningemufuata, labda ningemuoa kule. Nilinyamaza juma nzima. Nilienda kazini, nilirudia, niliwasha moto. Siku ya Ine, Alhamisi ya juma ya pili, nilipita kwao. Alikuwa anaikala inje pa mukeka, kichwa iko wazi, na ile karatasi pa magoti. Macho yake ilivimba. Akaniambia: "Ninalia muntu sikumuona hata siku moja, na ninashindwa kunyamaza. Nawaza labda naye alinitafuta. Labda alikuwa akiuliza mutoto yake alienda wapi."

Hapo nikashindwa. Haya ilinishika mpaka mu mifupa.

"Nyamaza," nikasema. "Hakufa. Usimulilie ule muntu, hakuwa wako. Baba yako ya batiza ni miye."

Nikamuambia yote, nasimama. Upepo, batoto kenda, Mupe mwenye macho ya ukungu, kalamu. Sikujitetea. Baba yake alitoka mu nyumba, akasimama nyuma yake, akasikia mpaka mwisho. Nilingoja banitukane. Nilikuwa na hamu banitukane. Mu barabara muntu mumoja alikuwa anapita na kinga, ile baisikeli, naisikia mpaka sasa ile cheni yake.

Muchumba aliniangalia sana. Nilimuona anatafuta kitu mu sura yangu, anaangalia paji, anaangalia macho, namna unaangalia muntu mwenye kutoka safari ndefu. Kisha akaweka karatasi chini. Akafunga kitambaa yake vizuri pa kichwa. Akapiga magoti mu vumbi mbele yangu, kichwa chini, akapiga makofi mara tatu, polepole, namna binti ya kwao anasalimia mwenye kumuzaa.

"Jambo, baba," akasema.

Akabaki vile, magoti chini, anangoja. Mukubwa akisalimiwa vile anapashwa kuitika. Kama hapana, ni sawa kumulaani mutoto. Baba yake alikuwa anangoja. Nilikuwa na myaka makumi tatu na saba, na nilimupenda.

"Jambo, mutoto yangu," nikasema.